Ukope wa Mpishi

Wai, 12 Januari 2009

Mdogo wangu Shripad,

Baraka za dada yako zikufikie wewe, mkeo Nilima na binti yetu Mrunmayi. Huku tu wazima, ukiondoa kifua cha shemeji yako Yashwant. Baridi ya mwezi huu imekibana tena, analala ameketi na mito mitatu mgongoni. Juzi nilipika harusi ya watu mia nne kule Menavali, na mpaka leo mikono inanuka hiliki. Maji ya mto yamepungua, watoto wanakaa kwenye ngazi za chini za hekalu kutwa nzima.

Maboksi mawili ya vitabu vya Baba yamefika kwa basi kutoka kwa mpiga chapa. Niliwasha udi mbele ya picha ya Baba, nikamwita Yashwant, nikafungua boksi la kwanza kwa kisu cha jikoni. Nikasoma jalada. Nikatafuta miwani, nikasoma tena.

"Soma kwa sauti basi, na sisi tusikie," Yashwant akasema.

"Daftari la Mwalimu," nikamwambia.

"Mwalimu gani?"

"Hata mimi nauliza hivyo hivyo."

Shripad, ukope uko wapi? Wewe ndiye mtaalamu wa herufi, mimi ni mwanamke wa masufuria, lakini hata mimi nilifundishwa darasa la pili. Ukiandika "la mpishi" na ukiandika "la mwalimu", maneno hayo mawili katika Kimarathi yanafanana kama mapacha. Tofauti ni pale *ra* inapoungana na *ya*. Ikiwa ni mwalimu, *ra* inaruka juu ya mwenzake kama ndoana. Ikiwa ni mpishi, inalala chini mbele yake, kamstari kadogo kalikopinda kama ukope wa jicho. Baba aliuandika ukope ule kwenye madaftari yake saba, kwa kalamu, kwa mkono wenye malengelenge ya mafuta. Nilikukabidhi madaftari hayo mwenyewe. Ukakaa nayo mwaka mzima ukiyapiga kwenye kompyuta yako.

Na sasa nafungua ukurasa wowote nakuta Baba ni mwalimu. Mwalimu anakoroga dengu. Mwalimu anaosha sufuria la shaba. Jirani amechungulia akasema, "Kumbe mzee wenu alikuwa msomi! Miaka yote hii mlituficha." Nilimfungia mlango.

Baba yetu Gangadhar Ghaisas alipika harusi za watu miaka arobaini na sita. Nieleze mwalimu huyu umemtoa wapi.

Dada yako,
Kumudini

*

Pune, 2 Februari 2009

Dada Kumudini,

Shikamoo. Nagusa miguu yako na ya shemeji. Nimesikitika kusikia habari ya kifua chake. Nilima ametuma dawa ya kuvuta, ameifunga pamoja na barua hii. Maelekezo yamo ndani ya kiboksi.

Sisi tuna habari njema. Mrunmayi amechumbiwa. Kijana ni mhandisi, wa kina Karmarkar wa Sangli. Babu yake alikuwa mtu wa Kisanskriti, anaheshimika sana huko. Harusi itakuwa tarehe 17 Mei, hapa Pune. Kadi rasmi itafuata.

Kuhusu vitabu: naona umeandika kwa hasira, nami nitajibu kwa utulivu, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kiufundi na halina mtu ndani yake.

Kompyuta haina macho, Dada. Haioni ndoana wala ukope. Inajua namba tu. *Ra* ina namba yake, *ya* ina namba yake, na katikati kuna alama ya kunyamazisha irabu, nayo ina namba yake. Zipange hizo tatu, mashine itachora ndoana. Ukitaka ukope, lazima uchomeke alama ya nne, kiunganishi, na hicho hakina umbo lolote. Hakionekani kwenye kioo wala kwenye karatasi. Kazi yake ni kuiambia mashine ichore hivi na si vile. Sasa, wapiga chapa wana programu za kusafisha maandishi kabla ya kuyapanga. Zinafuta nafasi za ziada na kila kisicho na umbo, kwa sababu zinakiona takataka. Kiunganishi kikifutwa, ukope unaanguka na ndoana inarudi yenyewe. Ndivyo ilivyotokea. Kuna njia nyingine ya kuandika, lakini hayo ni mambo ya ofisini, sitaki kukuchosha.

Vitabu mia tatu vimekwisha kuchapwa. Msomaji mwenye akili ataelewa kutokana na muktadha. Naomba usilikuze jambo hili.

Nitashukuru ukinitumia nakala hamsini kabla ya Mei, kwa ajili ya wageni.

Mdogo wako,
Shripad

*

Wai, 20 Februari 2009

Shripad,

Dawa ya Nilima imefika, Yashwant anavuta mara mbili kwa siku na anamshukuru. Mwambie Mrunmayi shangazi yake amefurahi mpaka amelia kidogo. Huyo kijana anakula vizuri? Muulize. Mwanamume anayechezea chakula ni mzigo.

Sasa tuje kwenye mashine yako.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikajiambia, Kumudini, mdogo wako amekaa na kompyuta miaka ishirini, wewe unajua nini? Nikaiweka barua kando siku nne. Siku ya tano nilitaka kujua Baba alitia unga kiasi gani kwenye puri za watu mia mbili, maana tuna harusi Panchgani. Nikafungua kitabu ukurasa wa 38.

Puri zina ukope, Shripad.

Nikaangalia tena. Neno puri zikiwa nyingi, *ra* na *ya* zinagongana vilevile. Na ukope upo, umelala vizuri, mzuri kama wa bibi harusi. Nikapekua. Visu vina ukope. Maembe mabichi yana ukope. Ukurasa wa 71, Baba anasimulia jinsi moto ulivyopeperushwa na upepo chini ya turubai: upepo una ukope. Nimekaa sakafuni na kitabu hicho kutoka chai ya asubuhi mpaka Yashwant akauliza kama leo hakuna chakula. Kila ukope umo. Programu yako ya kusafisha imepita kitabu kizima, imeheshimu puri, imeheshimu visu, imeheshimu maembe, ikamwona mpishi peke yake ndiye takataka.

Wewe ni mtu mwenye elimu. Nieleze.

Na kuna jingine. Neno mpishi likisimama lenyewe, halina mkia, halihitaji ukope. Mtoto wa chekechea hawezi kulichanganya na mwalimu. Baba alianza daftari la kwanza hivi, nalijua kwa moyo kwa kuwa mimi ndiye niliyemnunulia kalamu: "Mimi ni mpishi. Sijui kazi nyingine." Sentensi hizo hazimo. Kitabu kinaanza na maji ya kuchemsha mchele. Kiunganishi gani kisichoonekana kilichokula sentensi mbili nzima?

Nakumbuka ulipotoka kwenye ule mkutano wenu wa kuzipa herufi namba za kompyuta. Ulikuja Wai na peremende za maziwa, ukakaa jikoni kwangu ukijisifu. Kuna waliosema ukope hauna haja, kwamba watu wa lugha zao hawautumii. Baba akakuuliza, "Wewe ukawaambiaje?" Ukasema, "Niliwaambia, mkituondolea ukope, sisi Wamarathi hatutamjua mwalimu ni nani na mpishi ni nani. Wakacheka, wakakubali." Baba alicheka mpaka akakohoa. Mbele ya mabwana wale ulimtumia baba yako kama mfano, na hukuwaambia kuwa ni baba yako. Si ndiyo?

Nakala hamsini sitakutumia. Halafu binamu yetu wa Sangli amenipigia simu, anasema ameona kitabu juu ya meza ya kina Karmarkar tangu mwezi wa kwanza. Kilifikaje kabla yangu mimi?

Kumudini

*

Kadi ya posta

Wai, 30 Machi 2009

Kwa Bwana Shripad Gangadhar Ghaisas, ghorofa ya tatu, Pune.

Huku wazima. Siku thelathini na nane hujajibu. Nimechagua kadi ya wazi ili mtu wa posta, bawabu na majirani zako wa ngazi zote tatu waisome kabla yako, na ninawasalimu wote. BABA YETU ALIKUWA MPISHI. Nimeweka ukope kila unapohitajika. Wiki ijayo nitatuma nyingine.

Dada yako mkubwa, Kumudini, naye mpishi.

*

Pune, 6 Aprili 2009

Dada,

Shikamoo. Kadi yako imefika. Mama wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyeileta mlangoni, akiishika kwa vidole viwili. Nilima hajatoka nje tangu jana. Umefurahi?

Haya. Unataka nikwambie, nakwambia, na baada ya hapo usiniandikie kadi.

Hakuna programu iliyofuta kitu. Kitabu kizima nilikiandika kwa ile njia nyingine, kwa *ra* yenye nukta chini, ambayo ni herufi kamili na hakuna kinachoweza kuisafisha. Mimi mwenyewe huwafundisha vijana ofisini watumie hiyo, ili neno lisiharibike likisafiri. Niliandika madaftari yote saba kwa vidole vyangu viwili, jioni baada ya jioni, na kila ukope niliuweka. Hilo hukulisema katika barua zako. Mwaka mzima nilikaa na mwandiko wa Baba, najua alipochoka na najua alipokuwa na homa.

Halafu siku moja kabla ya kupeleka faili kwa mpiga chapa, nikaiagiza kompyuta itafute neno la mpishi kila lilipo na kuweka ndoana. Chai yangu haikuwa imepoa. Zile sentensi mbili nilizitoa kwa mkono.

Unajua kwa nini. Au hujui, kwa kuwa wewe ulipenda kule nyuma kwenye moshi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa harusi ya dada yake mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa mwalimu mkuu. Aliniona uani nikimenya viazi, akanishika mkono akanipeleka kukaa naye kwenye mstari wa kula. Jani la mgomba lenye chakula liliwekwa mbele yangu. Nilikuwa nimekwisha kutia tonge mdomoni, mjomba mmoja akauliza, "Huyu wa nani?" Mwenzangu akasema, "Mtoto wa mpishi." Mjomba hakunigombeza hata kidogo. Alicheka tu, akasema, "Basi aende akale kwa baba yake, chakula si anacho?" Nikainuka na jani langu mkononi, mbele ya watu sitini, nikapita katikati yao wote. Na Baba aliona. Alikuwa na mwiko mkononi. Alinitazama, kisha akageuka kukoroga.

Mtu wa kwanza ofisini aliponiuliza baba anafanya kazi gani, nilisema mwalimu. Lilitoka lenyewe. Baada ya hapo ilibidi aendelee kuwa mwalimu. Kina Karmarkar waliambiwa hivyo, Mrunmayi mwenyewe alikua akijua hivyo. Wewe shangazi yake ulimwona mara ngapi, mara sita? Kitabu kingetoka kikisema mengine ningefanyaje?

Ningeweza kukataa kukichapa. Nilikichapa.

Wewe ulibaki na Baba mpaka mwisho, na kila neno lake la mwisho umelikalia wewe. Nilifika siku ya nne, amekwisha kufa, ukaniambia, "Umechelewa," ukaingia ndani. Hujaniambia mpaka leo kama aliniulizia.

Kama unakuja harusini kumwaibisha mtoto, usije.

Shripad

*

Wai, 19 Aprili 2009

Shripad,

Yashwant hajambo, joto limemfaa. Maembe yameanza. Nimewasambazia ndugu wa hapa habari za harusi.

Nimesoma kuhusu jani lako. Sikujua. Siku hiyo nilikuwa nyuma na mama, tunaosha mchele. Ungeniambia wakati ule, yule mjomba angekula mchuzi asiousahau. Lakini hukuniambia wakati ule, umeniambia baada ya miaka arobaini ili nikuonee huruma. Sikuonei. Mimi pia nilipitishwa mlango wa nyuma, na bado napita.

Madaftari yalikuwa na karatasi moja zaidi. Niliikata kwa wembe kabla ya kukukabidhi. Hii hapa, ni mwandiko wake, ni ya mwaka 1996. Nakunakilia chini ili usijifanye hukuweza kuusoma:

"Leo nilikwenda Pune kuchukua masufuria mapya, nikapitia ofisini kwa Shripad. Langoni bawabu akaniuliza namtaka nani. Nikasema, Shripad Ghaisas, mimi ni baba yake. Akasimama, akaniunganishia viganja kwa heshima. 'Karibu Mwalimu! Bwana Ghaisas ametusimulia habari zako.' Nikaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine. Hapakuwa na mtu. Nikasema asante. Nikapanda mpaka juu, nikamwona kupitia kioo cha mlango akizungumza, mikono inaruka, na watu wote wamenyamaza wanamsikiliza yeye. Sikuingia. Shati langu lilikuwa na harufu ya moshi. Chakula nilichombebea nimempa bawabu akile, bwana mmoja anaitwa Dhondiba. Shripad asiambiwe kuwa nilifika. Akitaka baba mwalimu, si kosa kubwa. Jina lile halikuniuma kama nilivyodhani. Liliniuma kidogo tu."

Umeona. Sikukupa kwa sababu ningekupa ungeifanya cheti. Ungesema, tazameni, mzee mwenyewe ameridhia. Nilitaka ukae bila ruhusa yake. Na hata sasa sikupi ili upumue. Nakupa kwa kuwa nimechoka kuitunza, na kwa kuwa nataka kila ukimwona mtu akiunganisha viganja mbele yako ukumbuke shati lile.

Alikuulizia, ndiyo. Siku mbili mfululizo. Nilimwambia uko njiani. Hukuwa njiani. Nilikuwa sijakupigia simu bado. Nilitaka awe wangu kidogo. Basi, na mimi nimesema langu.

Harusini siji.

Kumudini

*

Pune, 9 Mei 2009

Dada,

Shikamoo. Siwezi kukujibu kuhusu simu. Nimeianza barua hii mara nne, kila nikifika kwenye simu naichana. Nitaliacha jambo hilo hapo lilipo.

Nakueleza yaliyotokea, kwa kuwa utayasikia kwa binamu yetu na atayaongezea chumvi.

Jumapili iliyopita nilikwenda Sangli na ile karatasi. Bwana Karmarkar alikuwa barazani na gazeti. Kitabu kilikuwa pale mezani, wamekifunga jalada la plastiki. Nikamwambia kuna kosa la herufi kwenye kitabu. Akasema, "Makosa hayakosi, Bwana Ghaisas. Ukurasa gani?" Nikasema, kila ukurasa. Nikamsomea mwandiko wa Baba mpaka mwisho.

Alikunja gazeti. Halafu akasema, "Kwa hiyo alikuwa mpishi."

"Ndiyo."

"Mama yangu hula vya mpishi kila harusi, na hakuna aliyewahi kufa. Unafikiri mimi ningevunja uchumba kwa ajili ya masufuria?"

Nikasema sijui.

"Hujui. Umekaa hapa mara tatu, Bwana Ghaisas. Kwenye kiti hichohicho. Mara ya pili ulinisimulia jinsi baba yako alivyokufundisha beti za Kisanskriti alfajiri, na mimi nikamwita marehemu baba yangu moyoni nikalengwa na machozi. Machozi yangu yale nitayapeleka wapi?"

Kijana akatoka ndani akasema harusi iko palepale. Baba yake akasema, "Iko palepale. Lakini mimi sitakaa jukwaani na mtu huyu." Akaingia ndani. Mke wake aliniletea maji, akaniwekea gilasi mbali kidogo na mkono wangu.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mrunmayi alisoma karatasi akiwa amesimama. Akaniuliza, "Babu alifika mpaka mlangoni kwako?" Nikasema ndiyo, sikujua. Akasema, "Hukujua kwa sababu ulishapanga asifike." Hajazungumza nami tangu siku hiyo ila mambo ya kadi. Kadi mpya ameiandika mwenyewe kwenye kompyuta yangu. Imeandikwa: mjukuu wa Gangadhar Ghaisas, mpishi, wa Wai. Kwenye faili la kitabu pia ameingia. Hakuiagiza mashine. Alipita mahali pamoja baada ya pengine, siku mbili, akirudisha ukope kwa mkono, na zile sentensi mbili akanifanya nimtajie yeye akiandika.

Nina swali moja na baada ya hapo nitanyamaza. Siku ile, 1996, ndani ya kile chombo cha chakula kulikuwa na nini?

Shripad

*

Wai, 13 Mei 2009

Shripad,

Kadi ya Mrunmayi imefika. Nimeisoma na miwani, na bila miwani.

Chakula kile sijui kilikuwa nini. Aliamka kabla yangu, akapika peke yake, akafunga kifuniko akanifukuza jikoni. Akasema hiki ni cha Shripad. Muulize aliyekila.

Kumudini

*

Pune, 2 Juni 2009

Dada,

Shikamoo. Natumaini mvua za kwanza hazijamsumbua shemeji. Mrunmayi yuko Sangli, ana furaha, hivyo anasema mama yake anayezungumza naye kwa simu.

Nilikuona harusini. Ulisema huji, ukaja. Ulikaa mstari wa mbele kabisa, ukala kila kilichowekwa kwenye jani lako, ukamwambia mpishi wao mchuzi ulihitaji ndimu, ukambariki mtoto, ukaondoka kwa basi la saa tisa. Mbele yangu ulipita kama mbele ya nguzo. Sawa.

Juzi nilikwenda kumtafuta Dhondiba. Amestaafu, anakaa kwa mwanawe kule Hadapsar, chumba kimoja nyuma ya karakana ya pikipiki. Miaka kumi alinifungulia lango asubuhi na kunipigia saluti, na sikuwahi kujua anakaa wapi. Alinijua mara moja. Hakusimama.

Nikamwuliza kama anamkumbuka mzee aliyekuja na chombo cha chakula.

"Mwalimu," akasema. "Namkumbuka."

"Hakuwa mwalimu."

"Bwana, nilitia tonge moja mdomoni nikajua. Mwalimu hapiki vile. Nikainua macho nikamtazama. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu, hajaondoka, anasubiri nimalize ili achukue chombo chake. Akaona nimejua. Mwisho akaniuliza, 'Chumvi imetosha?' Nikasema imetosha. Akasema, 'Mwanangu huongeza chumvi, ndiyo maana nimeuliza.'"

"Na hukuniambia."

"Aliniomba. Na wewe uliniambia kila siku habari za mwalimu wako, shule yake, vitabu vyake. Miaka kumi. Nilikuwa nakufungulia lango nasema moyoni, leo atasema kweli. Leo atasema."

Nikamwuliza ndani ya chombo kulikuwa na nini. Nilimwomba, Dada. Nilimwambia nimetoka mbali kwa swali hilo moja.

Mwanawe alikuwa akipiga chuma kule mbele, mzee akasubiri kelele zitulie.

"Kilikuwa chako," akasema, "nikakila mimi. Kwa nini nikupe hata jina lake?"

Akageukia ukutani, akajifunika shuka. Nikakaa pale mlangoni mpaka mkwe wake akaniuliza kama nataka chai. Nikasema hapana, nikatafuta viatu vyangu.

Shripad